Miaka 130 ya Picha Jongefu: Salamu kutoka Benaco

Pale Benaco, hatua chache kutoka yanapolala malori yanayosubiri kuvuka Rusumo, fundi ameweka cherehani yake barazani mbele ya duka la vitambaa. Ukisimama ukamtazama kwa makini utaona jambo ambalo wapita njia hawalioni. Kitambaa hakiendi mfululizo. Kinasogezwa kidogo, kinasimama, sindano inashuka na kupanda, kisha kinasogezwa tena. Mshono unaonekana kukimbia, kumbe ni vituo vidogo vingi vilivyofuatana kwa haraka.

Hiyo ndiyo sinema, na hatusemi kwa mafumbo. Louis Lumière wa mjini Lyon, Ufaransa, aliposumbuka kutafuta namna ya kuusogeza mkanda wa picha mbele ya lenzi, ukisimama na kuondoka bila kuchanika, jibu alilipata kwenye cherehani. Desemba 28, 1895, yeye na kaka yake Auguste walionyesha filamu fupi kumi katika chumba cha chini cha Grand Café jijini Paris. Kiingilio kilikuwa faranga moja, na waliolipa walikuwa watu 33. Sinema tunayoijua, ya watu wasiojuana kukaa gizani wakatazama kitu kimoja na kucheka pamoja, inahesabu umri wake tangu siku ile. Sasa imetimiza miaka 130, nasi tunaipa mkono wa heri.

Msomaji atauliza Benaco inahusika vipi na sherehe ya Paris. Hatuna jumba la sinema, hatujawahi kuwa nalo. Lakini tazama filamu iliyofungua onyesho lile. Lango la kiwanda linafunguliwa, wafanyakazi wanatoka. Wanawake waliovaa kofia na sketi ndefu, wanaume, mwenye baiskeli, mbwa. Wanapita kushoto na kulia mpaka wanakwisha. Hakuna hadithi, hakuna mwovu wala shujaa. Sinema ilianza kwa kutazama watu wakipita kwa miguu. Kama kuna mahali Tanzania panapojua maana ya watu kupita kwa miguu, ni hapa kwetu Ngara na jirani zetu wa Biharamulo.

Na safari ya kufikia lango lile iligusa nchi yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani, ingawa iligusa kwa kutofika.

Mwaka 1860 Mskoti James Augustus Grant alishuka Unguja pamoja na John Hanning Speke, wakijiandaa kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alikuwa na kamera ya kupiga picha pacha, zile ambazo kila jicho hutazama yake na mandhari ikajitokeza kana kwamba unaweza kuishika. Alipiga picha kadhaa Unguja, na ni miongoni mwa picha kongwe kabisa za pwani yetu zilizosalia. Msafara ulipoingia bara, kazi ikageuka mateso. Utaratibu wa siku hizo, uliobuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ulikuwa wa bamba bichi. Unachukua kioo safi, unakimwagia kolodioni, uji mzito unaonuka etha, unakiinamisha huku na huku mpaka uji uenee sawasawa. Unakitumbukiza katika nitrati ya fedha. Unakipachika kwenye kamera kikiwa bado kinachuruzika, unapiga, unarudi mbio gizani kukiosha kabla hakijakauka. Kikikauka, kazi yote imekwenda na maji. Na giza lenyewe ni hema dogo lililozibwa kila tundu la mwanga, maana yake limezibwa na kila tundu la hewa, katika joto la nyanda za Uzaramo.

Speke aliona kwamba akimwacha mwenzake aendelee, hema lile litamuua. Akairudisha kamera pwani.

Ndiyo sababu mwaka 1861, msafara ulipofika Rusubi, nchi ya mtemi Suwarora ambayo sehemu yake kubwa leo ni Biharamulo, haukuwa na kamera. Suwarora aliwatoza hongo hadi wakachoka (hongo enzi hizo ilikuwa ushuru halali wa kupita, si hii tunayobandikiwa mabango ya kuikataa), wakaruhusiwa, wakafika Karagwe kwa Rumanyika mwezi Novemba. Huko Grant aliuguzwa mguu kwa miezi kadhaa. Alichotuachia ni michoro yake. Ni mizuri, na tunashukuru. Lakini ikulu ya Rumanyika, ng'ombe wa Karagwe na wapagazi waliobeba mizigo ile tunawaona kwa mkono wa mtu mmoja, si kwa mwanga uliowagusa wenyewe.

Tuseme kamera ingefika. Isingewaona wapagazi wakitembea. Bamba bichi lilidai utulivu wa sekunde kadhaa. Aliyetembea alifutika kabisa, au alibaki kama moshi. Wapiga picha wa studio za siku hizo walikuwa na vyuma vya kumshikilia mteja kisogo asitikisike. Ukiitazama historia yote ya sinema, ukaivua mapambo yake, utakuta ni habari ya kufupisha muda: kutoka dakika hadi sekunde, kutoka sekunde hadi kipande cha sekunde ambacho jicho haliwezi kukihesabu.

Aliyekikata kipande hicho ni Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyehamia California. Si mtu wa kumtolea mfano katika mahubiri: mwaka 1874 alimuua kwa risasi hawara wa mkewe, na baraza la mahakama likamwachia. Tajiri wa reli, Leland Stanford, alitaka kujua kama farasi akikimbia kuna nukta ambapo miguu yote minne imeacha ardhi. Wanaosimulia kwamba aliweka dau la maelfu ya dola wananogesha tu. Juni 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, akatandaza nyuzi kukatiza njia, kila uzi umefungwa kwenye kamera yake. Ng'ambo aliweka ukuta mweupe. Farasi alipokuja mbio alikata nyuzi moja baada ya nyingine, na kila uzi ukafungua kamera kwa muda mfupi kuliko kupepesa. Jibu likapatikana: ndiyo, farasi huwa hewani. Ila si pale miguu inaponyooka mbele na nyuma kama walivyochora wachoraji karne kwa karne, bali pale inapokusanyika chini ya tumbo. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakiwatazama farasi bila kuwaona.

Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza bunduki ya picha. Ina kitako, ina mtutu, ina kifyatulio, na ndani inazunguka sahani inayonasa picha 12 kwa sekunde moja. Mnajimu Jules Janssen alikuwa amemtangulia kwa bastola ya picha aliyoipeleka Japani mwaka 1874 kunasa sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Marey yeye alilenga ndege. Kule Napoli alikokuwa na nyumba, majirani walimwona punguani: mtu mzima, daktari, kutwa analenga ndege na haangushi hata mmoja. Kiswahili chetu kingemwelewa upesi. Sisi tunapiga risasi, tunapiga picha, kitenzi ni kilekile. Muybridge na Marey, kwa taarifa tu, walizaliwa mwaka mmoja, 1830, na wakafa mwaka mmoja, 1904.

Hakuna kati yao aliyekuwa akitafuta sinema. Muybridge alikuwa akimtumikia tajiri, Marey akitafuta siri za mwili, Janssen akipima anga. Tunalisisitiza hili kwa sababu vijana wetu wamezoeshwa kuamini kwamba uvumbuzi ni mtu mmoja kuamka asubuhi na wazo. Picha jongefu ni kazi ya mikono mingi iliyokosea mara nyingi, kila mmoja akiacha kipande chake njiani kwa mwingine kukiokota: Maddox na bamba kavu la mwaka 1871, Eastman na mkanda wake laini wa mwaka 1889, Dickson ndani ya karakana ya Edison, mpaka cherehani ya Lumière.

Upo upande ambao sherehe hii isiufunike. Mwaka uleule wa 1895, Paris ilikuwa na maonyesho ambapo watu wa Afrika Magharibi waliwekwa wazi watazamwe na wenye tiketi. Daktari Félix-Louis Regnault, aliyejifunza njia za Marey, aliwanasa pale kwa kamera ya mfululizo: mwanamke Mwolofu akifinyanga chungu, wengine wakichuchumaa, wengine wakitembea. Alikuwa akilinganisha mwendo wa Mwafrika na wa Mzungu. Kabla Mwafrika hajasimuliwa hadithi na sinema, alikwisha pimwa hatua.

Ngara nayo ina mwaka wake wa kukutana na historia hii. Aprili 14, 1894 lilifunguliwa New York duka la kwanza la masanduku ya Edison. Unalipa, unainama, unachungulia peke yako picha zinazosogea. Mwezi uliofuata Mjerumani Gustav Adolf von Götzen na msafara wake walifika Rusumo, wakavuka Kagera kuingia Rwanda. Mkumbuke mwaka huo. Tutaurudia karne yake.

Mwafrika wa Tanganyika aliingia upande wa pili wa kamera huko Vugiri, milima ya Usambara, mwaka 1935. Tukio lile nalo limetimiza miaka 90, na linastahili sehemu ya sherehe hii. Liliitwa, kwa jina lake la wazi, jaribio: jaribio la sinema ya kuelimisha Wabantu. Fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la New York, wazo likatoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na kazi ikasimamiwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkuu wa elimu Rhodesia ya Kaskazini. Kwa miaka kama miwili wakatengeneza filamu zipatazo 35: safura, ngozi za mifugo, kodi, benki ya akiba ya posta, na hata ngano ya sungura na chui. Mkanda ulikuwa mwembamba, wa milimita 16, bila sauti. Maneno ya Kiswahili na lugha nyingine yalirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Sindano ikiruka, mdomo na neno vinaachana, na mwonyeshaji anahangaika gizani kuvipatanisha. Lori likabeba projekta na jenereta, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia, na makumi ya maelfu wakatazama chini ya nyota.

Tunaisifu Vugiri kwa shingo upande. Ilikuwa sinema ya kuwafundisha watu kulipa kodi. Iliongozwa na dhana iliyoenea kwa maofisa wa kikoloni, kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ya haraka, apewe polepole kama uji wa mtoto. Dhana hiyo ilikuwa imekwisha tiliwa shaka: Julian Huxley alionyesha filamu Afrika Mashariki mwaka 1929 akaona watazamaji wanaelewa vizuri tu. Lakini Vugiri ilitoa waigizaji wetu na sauti zetu, na ilionyesha kwamba sinema haihitaji jumba. Inahitaji shuka jeupe na usiku. Miaka ya 1950 ilipoanza, kijana mmoja wa idara ya ustawi wa jamii alikuwa akicheza filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu.

Tuje nyumbani. Benaco ni jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara hapa; kule Italia ni jina la kale la Ziwa Garda. Aprili 28 na 29, 1994, miaka mia moja baada ya von Götzen kuvuka kwenda, wakimbizi wa Rwanda walivuka Rusumo kuja. Hesabu ya siku zile ilisema 250,000 katika saa 24. Zilizofuata ziliipunguza hadi kama 170,000, lakini aliyekuwa barabarani siku ile hakuwa akihesabu. Walitembea na magodoro, mbuzi, baiskeli zilizosukumwa, watoto migongoni. Mvua ilikuwa ikinyesha. Baada ya hapo zikaja kamera.

Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki Mei 2025, alipiga hapa baadhi ya picha zinazojulikana zaidi katika kazi yake: moshi wa maelfu ya majiko ya kuni, turubai zilizotandazwa hadi upeo wa macho, nyuso zinazotazama lenzi bila kuomba kitu. Hatuna ugomvi nazo. Baada ya kuyaona mauaji ya Rwanda aliugua rohoni, akaiweka kamera chini kwa muda, akarudi kwao kupanda miti. Hilo linatosha kuonyesha kwamba hakuja kutalii. Na picha mnato ilikuwa na kazi yake ya huruma wakati ule. Kule Goma, picha za watoto waliopotezana na wazazi zilibandikwa ukutani ili mama apite, asimame, aone.

Ugomvi wetu ni na muda. Kambi ya wakimbizi hao iliishi miezi isiyozidi 32. Desemba 1996 watu walirudishwa walikotoka, na vilima vikabaki vitupu bila miti. Karibu miaka 30 imepita, na bado ukiitaja Benaco mbele ya mtu wa mbali anaona turubai. Picha mnato imetugandisha katika siku moja, kama wale wateja wa studio walioshikiliwa visogo kwa chuma. Waliokuwa migongoni siku ile leo wana watoto wao. Benaco ya leo ni kituo cha malori ya Kigali na Dar es Salaam, wachoma mahindi, mikungu ya ndizi, bodaboda, madereva wanaojua Kiswahili cha nchi nne. Inasogea. Anayetaka kuiona asogee nayo.

Na inatazama pia. Jioni ingia katika kibanda umiza chochote kando ya barabara. Mabenchi ya mbao, bati lililoshika joto la mchana kutwa, televisheni juu kabisa ukutani ili wa nyuma naye aone. Kama si mpira, ni filamu ya Kikorea au ya Kihindi, na juu yake sauti ya mtafsiri anayetia Kiswahili na utani wake mwenyewe, kazi iliyopewa heshima nchini na akina Lufufu. Mwigizaji ananong'ona, mtafsiri anapiga kelele. Mwigizaji analia, mtafsiri anamshauri. Ni sauti na picha zilizoachana, kama zile santuri za Vugiri, ila safari hii zimeachana kwa makusudi na watu wamelipa kuzisikia hivyo. Wenye projekta za mamilioni mijini wana viti laini. Kwa maana ya Desemba 28, 1895, yaani chumba kidogo, giza, kiingilio cha bei ndogo na wageni wanaocheka pamoja, sinema halisi imebaki kibandani.

Kwa hiyo pongezi zetu kwa miaka 130 tunazigawa. Kwa akina Lumière, ndiyo. Kwa Marey aliyelenga ndege na kwa Muybridge na nyuzi zake, pamoja na dhambi zake. Kwa waigizaji wa Vugiri ambao filamu zao chache zilizosalia zimehifadhiwa Uingereza, mbali na wajukuu wao. Na kwa mwenye kibanda umiza wa Benaco anayepigana na mgao wa umeme usiku wa fainali.

Kisha tuna ombi. Simu ya kawaida iliyo mfukoni mwako inanasa picha 30 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya bunduki ya Marey, na haihitaji hema. Mzee wa Kihangaza au wa Kishubi anayekumbuka alivyopokea wageni wa 1994 uani kwake bado yupo. Mfuate, na usimkalishe kwenye kiti ukutani. Mwache atembee hadi mahali penyewe, barabarani, kisimani, penye mti uliobaki, akuonyeshe kwa mkono huku akisema. Muulize jina la kila kilima. Halmashauri zetu mbili, ya Ngara na ya Biharamulo, zitenge walau kabati moja na kompyuta moja katika maktaba au shule ya sekondari, vitu hivyo viwekwe visipotee na simu.

Na wenye picha za karatasi, za kambi, za harusi, za shule, za barabara ilipokuwa ya vumbi: geuzeni kila moja muandike nyuma yake majina, mahali na mwaka. Tumieni penseli laini. Wino wa kalamu hupenya karatasi na baada ya miaka hutokea usoni mwa mtu.